Krakoa ilivunjwa bila matanga: X-Men walipofika sasa, na kwa nini namtazama Storm kuliko wote

Wakuu, salaam kwenu. Uzi huu ni mrefu, na naomba atakayeusoma aufikishe mwisho kabla ya kujibu, kwa sababu hoja yangu si kupenda wala kuchukia kipindi hiki kipya cha X-Men, wale mashujaa wa vitabu vya katuni vya Marvel wanaoitwa mutanti, yaani watu waliozaliwa na vipawa vya ajabu. Nimesoma malalamiko mengi ya wanaosema kwamba Marvel ilikosea kuimaliza Krakoa, nchi ya mutanti, na nimesoma pia furaha ya wale wanaoona kwamba mashujaa hawa wamerudi katika hali yao ya asili. Mimi sina ugomvi na uamuzi wa kuimaliza, kwa kuwa hadithi yoyote ina siku zake. Ninachosema ni kwamba taifa zima lilikufa, wakazi wake wakatawanyika, na kufumba na kufumbua tukawakuta wahusika wetu kila mmoja ana nyumba mpya, kazi mpya na adui mpya, kana kwamba hakuna aliyefiwa. Matanga hayakuwekwa. Na pale ambapo waandishi wa sasa wamerudi nyuma kidogo wakayaweka, hapo ndipo hadithi imepata uhai.

Kwa faida ya wanaoingia leo, nieleze ilivyokuwa. Krakoa ni kisiwa chenye uhai kilichotokea mara ya kwanza mwaka 1975 katika Giant-Size X-Men toleo la 1, kazi ya Len Wein na Dave Cockrum, na wakati huo kilikuwa adui aliyenyonya nguvu za mutanti. Mwaka 2019 Jonathan Hickman alikichukua kisiwa hicho hicho akakifanya nchi. Mifululizo miwili iliyopokezana, House of X iliyochorwa na Pepe Larraz na Powers of X iliyochorwa na R.B. Silva, yenye matoleo 6 kila mmoja, ilitoka kati ya Julai na Oktoba ya mwaka huo na kubadilisha kila tulichokuwa tumezoea. Watu waliokuwa wakikimbizwa kwa miongo mitano na zaidi walipata ardhi, lugha yao wenyewe, sheria tatu, baraza la kuwatawala, na dawa tatu za kuuza nje: moja ya kumwongezea binadamu miaka 5 ya uhai, nyingine ya kukinga magonjwa ya akili, na ya tatu ya kuua vimelea vya kila namna. Juu ya hayo yote walipata njia ya kuwafufua wafu wao. Mutanti watano waliunganisha vipawa vyao wakaumba mwili mpya ndani ya yai, kisha Profesa Xavier, mwanzilishi wa X-Men, akairudisha ndani yake nakala ya akili aliyokuwa ameihifadhi.

Kuna tukio moja katika House of X toleo la 5 ambalo sidhani kama nitalisahau. Wale waliokufa vitani katika toleo lililotangulia wametolewa kwenye mayai na wamesimama mbele ya umati wakiwa uchi kama siku waliyozaliwa. Storm, mutanti anayeamuru mvua na radi, ndiye anayewatambulisha kwa watu wao, mmoja baada ya mwingine, kwa maneno mazito kama ya ibada, na umati unamwitikia. Wapo wasomaji walioogopa walipoona kurasa zile, wakasema kwamba watu hawa wamekuwa kama dhehebu, na woga wao nauelewa. Mimi nilipofika hapo niliufunga ukurasa nikakaa kimya kwa muda, kwa sababu nilikuwa nimewasoma watu hawa wakizikana tangu utotoni, na sasa kwa mara ya kwanza niliwaona wanapokeana.

Niseme pia kwa nini ni Storm na si mwingine. Mimi ni mzaliwa wa Voi, mahali ambapo mvua ikikosekana msimu mmoja kila nyumba hujua. Nilikutana naye kwa mara ya kwanza katika nakala iliyochanika jalada, niliyoinunua kwa mzee aliyekuwa akitandaza turubai la vitabu vya mitumba karibu na kituo cha mabasi, na nilipoliona neno Kenya ndani ya kisanduku cha maandishi nililisoma mara mbili ili nihakikishe. Ororo Munroe, ndilo jina lake halisi, ana baba Mmarekani mpiga picha za habari na mama binti mfalme kutoka Kenya aitwaye N'Dare, jina lililoandikwa kwa namna ambayo sijapata kuiona kwa mtu yeyote wa kwetu, lakini nililisamehe siku ile ile. X-Men toleo la 102 la mwaka 1976 lilieleza jinsi wazazi wake walivyofia Kairo, ndege ilipoiangukia nyumba yao wakati wa vita vya Suez, naye akafukiwa kwenye kifusi kando ya mwili wa mama yake. Tangu hapo hawezi kuvumilia mahali pa kubana. Baadaye alitembea mpaka kusini, na huko Kenya watu wakamwomba mvua kama mungu wao, mpaka Xavier alipokuja kumwambia kwamba yeye si mungu bali ni mutanti, na kwamba ana wajibu mahali pengine.

Sasa tazameni jambo ambalo wasomaji wengi wa Marekani walilipita bila kusimama. Katika House of X kuna orodha ya nchi zilizokataa kuitambua Krakoa, na Kenya imo. Sababu iliyotolewa ni kwamba Kenya iko chini ya ulinzi wa kiuchumi wa Wakanda, ile nchi ya Kiafrika ya kubuni ya Marvel, na Wakanda haikuhitaji dawa za mutanti. Ni mstari mmoja tu katika ukurasa wa maelezo, lakini maana yake ni kwamba Ororo aliketi katika baraza la watu 12 la taifa ambalo nchi ya mama yake ililikataa, na mtawala wa Wakanda, ambaye ndiye chanzo cha kukataa huko, aliwahi kuwa mume wake. Mwandishi mwenye nia angeweza kutoa mwaka mzima wa hadithi kutoka katika mstari ule. Kisa cha panga kiitwacho X of Swords mwaka 2020 kililigusa jambo hilo pale Storm alipolazimika kwenda Wakanda kutafuta silaha na kuichukua bila ridhaa ya wenyewe, kisha likaachwa.

Mwaka 2021 mutanti waliigeuza sayari ya Mirihi ikawa makazi ya ndugu zao wa Arakko, kisiwa pacha cha Krakoa, na Storm akapewa jukumu la kuwa sauti ya mfumo wetu wote wa jua. Al Ewing aliandika juu ya utawala wake huko katika X-Men Red, matoleo 18 kati ya mwaka 2022 na 2023, na kwa maoni yangu hakuna aliyemwandika vizuri zaidi katika miaka ya karibuni. Alimpa siasa, akampa marafiki wanaomkatalia, akampa maamuzi yenye gharama. Kisha Julai 2023 kundi la Orchis, maadui wa mutanti, lilishambulia sherehe ya mutanti iitwayo Hellfire Gala, na Krakoa ikaanguka. X-Men toleo la 35 la Juni 2024, ambalo kwa hesabu ya jumla lilikuwa la 700, liliturudishia wakazi wa kisiwa waliokuwa wamepelekwa nje ya wakati, ambao kwao ilikuwa imepita miaka 15, wakaagana na waliobaki, kisha wakaondoka tena na kisiwa chao. Toleo lilikuwa nene na lilikuwa zuri. Lakini lilikuwa moja.

Mwezi uliofuata tulianza upya chini ya mhariri Tom Brevoort. Jed MacKay na Ryan Stegman walimpeleka Cyclops, kiongozi wa X-Men wa tangu zamani, katika mji mdogo wa Merle huko Alaska, ndani ya kiwanda cha zamani cha roboti zilizoundwa kuwaua watu wake. Gail Simone na David Marquez waliwapa Rogue, Gambit, Nightcrawler, Jubilee na Wolverine nyumba kule Louisiana, pamoja na vijana wanne wanaotafuta pa kujificha. Eve L. Ewing na Carmen Carnero walimweka Kate Pryde mjini Chicago, akiwa amechoka na vita na hataki kusikia habari za timu, mpaka watoto watatu wenye vipawa walipomwangukia mikononi. Lile jumba la shule ya Xavier limegeuzwa gereza la Graymalkin, na hapo kwanza Xavier mwenyewe alikuwa mfungwa ndani yake.

Mpangilio huo si mbaya. Hata ningesema kwamba ni wa busara, kwa sababu watu wa nyumba moja iliyovunjika hawaendi mahali pamoja. Ninachokidai ni uzito. Chukueni mfano wa Magneto wa Alaska. Tulimkuta kwenye kiti, nguvu zake za kuamuru chuma hazimtii tena, na baadaye tukaambiwa kwamba ni maradhi yanayohusishwa na kule kufufuliwa. Hapo MacKay aliweka matanga bila kutumia neno hilo: zawadi kubwa kuliko zote za Krakoa imerudi ikiwa ugonjwa ndani ya mwili wa mzee aliyeijenga. Chukueni na Beast, mwanasayansi wa X-Men. Yule tuliye naye sasa amerudishwa kutoka katika nakala ya zamani ya akili, kwa hiyo hana kumbukumbu ya unyama alioutenda nafsi yake nyingine kwa miaka yote ya Krakoa kwa jina la usalama wa taifa. Watu wanamtazama kwa uso wa kumjua, naye hajui anatazamwa kwa lipi. Kila anapoingia katika ukurasa mimi hupunguza kasi ya kusoma. Hivi ndivyo msiba unavyokaa ndani ya nyumba, hauhitaji hotuba.

Nimerudi kuongeza, kwa kuwa ndugu aliyejibu mapema ameandika kwamba vitabu vya namna hii hurudishwa mwanzo kila baada ya miaka michache na kwamba kudai maombolezo ni kutaka kisichowezekana katika biashara hii. Namheshimu, lakini historia ya mfululizo huu inamkatalia. Mwaka 1984, katika Uncanny X-Men toleo la 185, Storm alinyang'anywa nguvu zake kwa silaha ambayo haikumlenga hata yeye. Chris Claremont hakumpeleka vitani mwezi uliofuata. Alimkabidhi mchoraji Barry Windsor-Smith toleo zima la 186, kubwa kuliko kawaida, ambamo mwanamke aliyezoea kuruka anajifunza kukaa chumbani na kuishi na mwili mzito, akiangaliwa na mwanamume anayempenda, kisha anagundua kwamba mwanamume huyo ndiye aliyeiunda silaha ile. Mwaka uliofuata, toleo la 198 likamrudisha Afrika bila nguvu, akatembea kwa miguu katika nchi kavu ambayo zamani aliifadhili kwa mvua, na kazi kubwa aliyoifanya huko ilikuwa kumsaidia mwanamke mjamzito ajifungue. Hakuna jumba lililobomoka, hakuna adui aliyepigwa. Halafu mwaka 1986, katika toleo la 201, akiwa bado hana kipawa chochote, alishindana na Cyclops kwa ajili ya uongozi wa timu na akamshinda.

Ushindi ule ungekuwa mwepesi kama karatasi bila matoleo yale mawili ya kimya yaliyotangulia. Kwa hiyo ndugu yangu, haya yaliwezekana ndani ya biashara hii hii, katika kitabu kilichokuwa miongoni mwa vinavyouzika sana Marekani, na wasomaji hawakukimbia. Walikipenda zaidi.

Mchangiaji mwingine ameuliza aanzie wapi, maana hana mpango wa kusoma miaka 60 ya hadithi. Nakushauri uanze na House of X na Powers of X, ukizisoma kwa kupokezana kama zilivyotoka, na usiikwepe michoro ya majedwali na orodha, kwa sababu nusu ya hadithi imefichwa humo. Kisha nenda X-Men Red ya Al Ewing ukisome chote. Matoleo ya 186 na 198 ya zamani yasome jioni moja bila haraka. Baada ya hapo ingia kipindi cha sasa kupitia X-Men ya MacKay na Storm ya Murewa Ayodele. Kwa sisi tulio mbali na maduka ya vitabu hivi, usajili wa kusoma mtandaoni wa wachapishaji wenyewe unatosha, ila ujue kwamba matoleo mapya huingia humo takriban miezi mitatu baada ya kutoka dukani, kwa hiyo uwe na subira na ukwepe mazungumzo ya walio mbele yako.

Na hapo nimelitaja jina ambalo nilikusudia kulifikia. Oktoba 2024 Storm alipewa mfululizo wake, ukiandikwa na Murewa Ayodele kutoka Nigeria na kuchorwa na Lucas Werneck. Kabla ya hapo, Agosti, alikuwa ameingia katika Avengers, timu nyingine ya mashujaa wa Marvel, katika toleo lao la 17, jambo lililowakasirisha baadhi yetu walioona kwamba anahamishwa kwenye nyumba ya wakubwa ili X-Men wabaki na wale wanaotambulika zaidi kwenye sinema. Mimi sikukasirika. Toleo la kwanza la Ayodele lilimpeleka katika janga la mtambo wa nyuklia huko Oklahoma, na alipotoka akiwa ameokoa watu tukajua kwamba mionzi imekwisha kuingia mwilini mwake. Wiki chache tu kabla ya kuanguka kwa Krakoa jambo hilo lisingekuwa na maana yoyote, kwani angekufa asubuhi na kutoka kwenye yai jioni. Sasa hakuna yai. Werneck anamchora akiwa mrefu, mwenye fahari, nywele zimejaa ukurasa, na ndani ya umbo hilo la kifalme kuna mwili unaoumwa kama wetu. Nimeusoma ukurasa wa mwisho wa toleo lile mara nyingi kuliko ninavyoweza kueleza.

Baadaye mfululizo ule uliingia katika mambo ya miungu na nguvu za ulimwengu mzima, na hapo wengi mlilalamika kwamba amefanywa mkubwa mno. Nakubaliana nanyi kwa sehemu. Storm hukua ninapomwona karibu na watu, na hufifia ninapomwona akizungumza na nyota. Hata hivyo napenda kwamba kijana wa Lagos au wa Voi akifungua kitabu hiki leo anamkuta mwanamke wa Kiafrika akiandikwa na Mwafrika ambaye haoni haja ya kueleza kwa nini mwanamke huyo ana haki ya kusimama hapo. Pamoja naye yuko Idie Okonkwo, binti wa Nigeria tuliyemfahamu tangu mwaka 2010, ambaye sasa yuko Alaska na Cyclops kwa jina la Temper, amekua, na hasira yake imepata adabu.

Neno la mwisho ni kuhusu kisa cha Age of Revelation, kwa kuwa naona mjadala umehamia huko. Oktoba 2025 vitabu vyote vilirushwa miaka 10 mbele, kwenye nchi inayotawaliwa na Doug Ramsey, mrithi wa Apocalypse, mutanti wa kale aliyekuwa adui mkubwa wa X-Men. Kuna aliyesema kwamba ni hila ya kuuza matoleo ya kwanza, na siwezi kumbishia kuhusu soko. Lakini tafadhali mkumbukeni Doug ni nani. Alitokea mwaka 1984 katika New Mutants akiwa mvulana mpole ambaye kipawa chake ni kuelewa lugha yoyote, akauawa mwaka 1988 akimkinga mwenzake na risasi, na Krakoa ilipoanzishwa yeye ndiye aliyekaa na kisiwa, akajifunza kukisikiliza, akawa mkalimani wake mbele ya baraza. Alikuwa msikilizaji wa taifa lile. Katika kisa hiki kipya sauti yake imekuwa amri, akisema neno watu hutii bila hiari. Msikilizaji amegeuka kuwa mtu asiyeweza kusikia jibu la kweli kutoka kwa yeyote, kwa sababu kila jibu analopewa ameliamuru mwenyewe.

Kwangu mimi, hayo ndiyo maombolezo makubwa ya Krakoa yaliyopata kuchapishwa tangu ianguke, ingawa yamefungwa ndani ya mapigano mengi. Aliyeipenda nchi ile kuliko wote, aliyezungumza nayo kwa lugha yake, ndiye aliyekwenda kuijenga upya peke yake na kuijenga vibaya. Ningetamani kisa hicho kipate kurasa tulivu kama zile za 1984 kuliko kuenezwa katika vitabu vingi vya miezi mitatu.

Na kwa Storm nina ombi moja ambalo nimekuwa nalo tangu nilipoinunua ile nakala isiyo na jalada. Mwaka 1975 watu wa kijiji walikuja na shida yao ya ukame, akawapa mvua, kisha mgeni akaja, naye akaondoka. Sasa hana kisiwa, hana Mirihi, na nchi ya mama yake ndiyo ile iliyomkataa kwenye orodha. Ningependa Ayodele, au yeyote atakayemwandika baada yake, ampe toleo moja la kushuka huko kwa miguu, bila joho na bila radi, aketi uani kwa mtu aliyekuwa mtoto siku ile, aulizwe alikuwa wapi muda wote huo, na apewe nafasi ya kujibu.